Mshipi wa Sangara kwenye Raketi

Raketi za mpira wa vinyoya zilifika kwetu Biharamulo kwa njia ya gulio. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takribani saa 24, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara, na nyuma yao wakaja watumishi wa mashirika kutoka kila pembe ya dunia. Watu wale walikuwa na michezo yao ya jioni. Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao, mashirika mengi yalifungasha virago, na vifaa vyao vikaanza kuonekana sokoni: maturubai, madumu, vitanda vya kukunja, na katikati ya hayo, raketi. Kaka yangu alinunua mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili nyuzi zake zilikuwa zimekatika katikati, na ngumi ingepita.

Duka la nyuzi za raketi halikuwepo, wala hatukujua kwamba kuna nyuzi maalumu. Tulichokuwa nacho ni ziwa. Nyamirembe ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu, kabla ya Chato kumegwa mwaka 2005, na wafanyabiashara wa samaki waliokuja kutoka huko walileta pia mishipi ya nailoni ya kuvulia sangara. Tulinunua mkunjo mmoja, tukaupeleka kwa fundi viatu.

Namkumbuka fundi yule alivyoishika kazi ile. Aliibana raketi kwa magoti, akapitisha mshipi tundu kwa tundu, akauvuta kwa plaizi iliyofungwa kitambaa, kisha kabla ya kuuachia akachomeka msharasi ndani ya tundu ili mshipi usirudi nyuma. Alirudia hivyo kila mstari, wima kwanza, halafu akaanza kusuka mlalo, juu na chini, juu na chini. Miaka mingi baadaye nilikuja kuona kwamba mashine hufanya yaleyale: huvuta, hubana, husogea tundu linalofuata.

Mshipi ule haukukatika. Tulicheza nao msimu wa kiangazi mzima kwenye uwanja wa vumbi, tukaangusha raketi juu ya mawe, tukaisahau nje juani, na bado ulikuwepo. Kwa hiyo tukauheshimu kuliko nyuzi asilia za ile raketi nyingine, ambazo zilikatika mapema. Kijijini kila kitu hupimwa hivyo, jembe, kamba ya ng'ombe, kandambili: kizuri ni kisichokatika.

Aliyenifundisha kipimo kingine alikuwa mzee jirani yetu, mpiga enanga. Anayejua enanga ya Kagera anajua kwamba ni gogo lililochongwa kama mtumbwi mdogo, na juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kwenye mapengo ya kingo zake. Zamani uzi ule ulitoka kwenye kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni, ileile ya wavuvi. Siku moja, kabla nyuzi za ile raketi nyingine hazijakatika, alitukuta tunabishana ni raketi ipi bora. Akazichukua zote mbili, akazigonga kwa ukucha karibu na sikio.

"Mwanangu, hii yako imekufa," akaniambia. "Uzi haufi kwa kukatika. Unakufa kwa kunyamaza."

Alikuwa sahihi kabisa, ingawa hakuwahi kucheza. Mshipi wa kuvulia ni uzi mmoja mnene wa nailoni uliotengenezwa uvutike, ili samaki mkubwa akirusha kichwa usikatike. Uvutikaji huo ndio unaoua mpigo. Kinyoya chenyewe kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, na manyoya 16. Kikigusa nyuzi zilizolegea, nguvu ya mkono humezwa humo, na mchezaji hulazimika kuzungusha bega zima ili kukifikisha upande wa pili.

Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam nilianza kucheza katika ukumbi wa klabu moja kule Upanga, na huko ndiko nilikoona nyuzi halisi kwa mara ya kwanza. Kwa jicho ni uzi mmoja. Ukikatika na kuchanua ncha yake, unaona nyuzinyuzi nyingi nyembamba kuliko nywele, zimevikwa ganda lililosukwa. BG65 ya Yonex, ambayo nadhani ndiyo iliyofunga raketi nyingi zaidi nilizowahi kushika, ina unene wa milimita 0.70. Kuna nyembamba za 0.66 na 0.65, na tofauti hiyo ya vipande vya milimita unaisikia mara moja: mlio mkali, kinyoya kinaruka bila kulazimishwa. Lakini nyembamba huliwa haraka. Pale uzi wa wima unapokutana na wa mlalo, kila pigo huusugua, na baada ya muda unaona kijipengo kama umekatwa na msumeno mdogo. Ukigonga kinyoya vibaya, karibu na fremu, uzi huo hukatikia pale juu.

Nilirudi Biharamulo kufundisha, na sasa raketi za wanafunzi nazifunga mwenyewe kwa mashine ndogo ya mkono. Kwa wanaoanza natumia 0.70, mkazo wa pauni 20 hadi 22. Wakubwa wao hutaka 26 kwa sababu wameona wachezaji wa kimataifa, nami nawakatalia waziwazi. Mkazo mkubwa huadhibu mkono ambao haujajifunza kulenga katikati, na kwetu hapa, juu zaidi ya usawa wa Ziwa Victoria ambao ni mita 1,134, hewa ni nyepesi na kinyoya kinakwenda mbio hata bila msaada.

Kipimo cha mzee ndicho ninachokitumia mpaka leo. Nailoni mpya hupoteza mkazo mwingi siku ya kwanza, mara nyingi karibu asilimia 10, hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani. Hapo mlio unashuka karibu nusu toni, yaani kama mwanakwaya aliyetoka kwenye do akaangukia ti iliyo chini yake. Kwa hiyo nasubiri siku ipite, nagonga, naandika sauti hiyo kwenye daftari. Kuanzia hapo nyuzi nzuri hushuka taratibu sana. Zikishuka nusu toni nyingine, nazikata, hata kama hazina jeraha.

Wazazi hulalamika, na nawaelewa, maana fedha ya nyuzi ni fedha. Mmoja alinijia juzi ameshika raketi ya binti yake. "Mwalimu, uzi mzima huu unataka kuukata?" Nilimpa ile na nyingine niliyofunga karibuni, nikamwomba apige vinyoya vichache na binti yake ukutani, kila raketi kwa zamu. Bega lake lilimjibu kabla yangu. Alilipia nyuzi mpya, za 0.70, kisha akauliza kama naweza kuzikaza kidogo zaidi.