Likizo ya Bujumbura na Ulimi wa Binti Yetu

Kwa muda wa mwaka mzima binti yetu, aliye kidato cha tatu, hakutamka neno la Kifaransa mbele ya watu. Madaftari yake yalikuwa safi na alama zake za kuandika zilipendeza. Lakini siku moja alikosea matamshi darasani, wenzake wakacheka, na tangu hapo akafunga kinywa. Sisi wazazi wake hatujui Kifaransa. Tulichoweza kumpa ni likizo ya Juni, pamoja na akiba ndogo tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kupaka nyumba rangi.

Sisi ni watu wa Kigoma, na mipaka haiko mbali nasi. Usiku mmoja baada ya Isha tuliketi tukapima. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Goma na Bukavu zina Kifaransa kingi, lakini vita vilitukataza kupeleka watoto huko. Ikabaki Burundi, ambako Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kirundi. Kwa njia ya Manyovu, kisha kuambaa Ziwa Tanganyika kupitia Nyanza-Lac na Rumonge, tungeweza kufika Bujumbura siku hiyo hiyo. Tena tuna mama yetu mkubwa katika mtaa wa Buyenzi.

Hapo ndipo shauri lilipokuwa gumu. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Kiswahili husemwa barazani, dukani na msikitini. Ukitoka Buyenzi unakutana na Kirundi, na Kirundi na Kiha chetu ni ndugu wa damu, wasemaji wake huelewana bila mkalimani. Mtoto angeweza kumaliza wiki mbili asihitaji neno moja la Kifaransa. Mmoja wetu akasema tupange chumba katikati ya mji. Mwingine akauliza, tutaupitaje mlango wa mama mkubwa tukalale kwa watu baki?

Tulimpigia simu mama mkubwa, akacheka. “Wanangu, mtalala kwangu. Kifaransa cha hapa hakikai mtaani, kinakaa kwenye makaratasi: maofisini, hospitalini, kwenye maduka ya vitabu. Kila asubuhi mpelekeni huko, jioni mnirudishie mjukuu wangu.”

Tulifuata ushauri wake, tukajiwekea sharti. Tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, tukiwa mjini, sisi wazazi hatuna ulimi. Duka la vitabu, duka la dawa, hata Musée Vivant yenye mamba wake, mwenye kuuliza atakuwa binti yetu.

Siku nne za kwanza sharti lile tulilivunja sisi wenyewe. Binti akisita kidogo tu, mmoja wetu alidakia kwa Kiha, mwenye duka akajibu kwa Kirundi, na mtoto akarudi nyuma ya migongo yetu. Usiku wa nne alituambia kwa upole, “Nyinyi hamnisubiri.” Tuliona haya.

Siku ya tano mdogo wake, mwenye umri wa miaka sita, aliamka na homa kali. Tulimpeleka kwenye zahanati moja ya mjini, tukapewa karatasi yenye namba 74. Binti yetu aliijua namba hiyo kwa moyo: soixante-quatorze, yaani sitini na kumi na nne, kama wanavyohesabu Wafaransa. Muuguzi akaita “septante-quatre” mara mbili, hakuna aliyeinuka. Wakaingia wa 75, wakafuata wa 76. Wabelgiji walioitawala Burundi hadi mwaka 1962 waliacha huko hesabu yao, ambamo sabini ni septante na tisini ni nonante. Kitabu cha shule hakikuwa kimemwambia hilo.

Alipotambua kwamba zamu yetu imepita, machozi yalimlenga. Mgonjwa alikuwa akitetemeka mapajani, na mmoja wetu alikwisha inuka kwenda kuomba kwa Kiha. Binti akamshika nguo. “Ngojeni,” akasema.

Akaenda mwenyewe dirishani. Alieleza kwamba tumepitwa, kwamba ndugu yake ana homa tangu jana usiku. Sauti ilitetemeka, na bila shaka makosa yalikuwamo. Hakuna aliyecheka. Muuguzi alimwomba arudie sentensi moja, kisha akatufungulia mlango.

Daktari aliuliza kwa Kifaransa, naye akajibu. Alipokosa neno la kutapika alionyesha kwa mkono, daktari akampa neno lenyewe: vomir. Kipimo kilionyesha malaria. Binti akaandika saa za kumeza dawa, akatusomea kwa Kiswahili, kisha akamrudishia daktari kwa Kifaransa ili ahakikishe kwamba hakukosea.

Tulipokuwa tukiaga, daktari alimwombea mtoto afya kwa Kiswahili fasaha. Tukastaajabu. “Mimi nimezaliwa Buyenzi,” akasema. “Lakini nilimwona huyu ana maneno yake, nikamwacha ayamalize.”

Alhamdulillahi, baada ya siku tatu mgonjwa alikuwa akikimbia uani kwa mama mkubwa. Siku zilizosalia binti yetu alitutangulia mjini, nasi tukamfuata nyuma kimya. Alikosea mara nyingi, akarekebishwa, akaendelea.

Ndugu mzazi, ukimtafutia mwanao mahali pa kujizoeza lugha, usiulize tu kama lugha hiyo inasemwa huko. Uliza kama mwanao atahitajiwa kuisema, na kama wewe utaweza kunyamaza hadi amalize. Mtu mgeni alimsubiri binti yetu katika chumba chake cha kazi, huku wagonjwa wengine wakingoja nje. Sisi tuliomzaa ilitupasa tujifunze kwake.

Nyumba yetu haijapakwa rangi. Insha Allah, mwakani.