Dawa Zilipofika Kiriri

Watu wa rika langu hapa Bujumbura hupenda kusema kwamba Sida, yaani UKIMWI, haikuchagua tajiri wala maskini. Kwa miaka ya mwanzo nakubaliana nao. Wagonjwa wa kwanza Burundi walitambuliwa mwaka 1983, na waliokufa mapema walikuwa wakubwa wa ofisini na wafanyabiashara, pamoja na madereva wa malori na akina dada wa baa. Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani ambako unaliona Ziwa Tanganyika mpaka milima ya Kongo, misiba ilifuatana. Magari ya waombolezaji yalijaza barabara, lakini marehemu alikuwa amekonda sawa na wa mtaani kwetu Buyenzi.

Mimi nilikuwa nikipanda Kiriri kila asubuhi kufua na kupiga pasi kwa mkubwa mmoja wa serikali. Langoni alikuwepo zamu, yaani mlinzi, kijana wa bara aliyejifunzia Kiswahili mjini. Aliniita dada, nami nikamchukua kama mdogo wangu. Bwana na zamu walianza kuumwa karibu wakati mmoja: homa za usiku, vidonda vya mdomoni, kuhara. Nalijua hilo kwa sababu mashuka ya bwana nilikuwa nayafua mimi, na blanketi la zamu tukilianika pamoja nyuma ya jiko.

Ukaingia mwaka 1996. Mwanzoni mwa Julai, kwenye mkutano wa Vancouver, wataalamu walionyesha kwamba dawa tatu zikinywewa pamoja humwinua mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa. Tarehe 25 ya mwezi huohuo mwanajeshi Buyoya akatwaa madaraka ya nchi kwa mara ya pili, na haikupita wiki nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Huku vita, huku bidhaa zinapanda bei kila kukicha. Bwana alikuwa na jamaa zake Brussels, wakamtumia dawa kwa mikono ya wasafiri.

Hakuna aliyeniambia. Niliona tu kwenye friji, rafu ya juu, kando ya siagi, vichupa ambavyo mama wa nyumba aliniagiza nisiviguse. Bwana alikunywa vidonge kwa saa, na chupa ya maji haikumtoka mkononi. Baadaye nilielewa kwamba baadhi ya dawa za wakati ule zilihitaji baridi, na nyingine zilimtaka mgonjwa anywe maji mengi mno ili figo zisiharibike. Sasa zamu, hata angepewa zile dawa bure, angeziweka wapi? Chumba chake cha kupanga hakikuwa na umeme, maji alinunua kwa dumu, na siku nyingi alikula mara moja. Hilo linaniuma kuliko bei ya dawa zenyewe. Bwana alikuwa na dawa, ndiyo, lakini alikuwa pia na bomba la maji la REGIDESO, samaki mezani, dereva wa kumpeleka kwa daktari na mshahara ulioingia hata akiwa kitandani. Zamu alipolala siku tatu, lango likapewa mtu mwingine.

Suruali za bwana nilizokuwa nimezipunguza kiuno kwa sindano, nikazifumua tena kabla mwaka haujaisha. Alinenepa, akarudi kazini. Namshukuru Mungu kwa uhai wake, sikumwonea kijicho. Zamu tulimwuguza sisi, uani kwetu Buyenzi, kwa uji na maji ya chumvi na sukari, maana hospitalini tulitakiwa kununua kila kitu mpaka glovu. Alifariki mwaka 1998, akaacha mke na binti mdogo.

Wakati ule matibabu ya dawa tatu yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Kumbe iliwezekana! Na hapa kwetu, Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi wa kwanza kutamka hadharani kwamba anaishi na virusi, alikuwa ameshaanzisha ANSS, chama cha kuwasaidia wanaoishi na virusi, tangu 1993, akibisha kila mlango ili dawa ziwafikie na wasio na jamaa Ulaya. Mjane wa zamu alipimwa kwenye kituo chao cha Turiho, akaandikishwa, akasubiri zamu yake, akapata. Leo anauza ndagala soko la Ruvumera, na bado ananiita wifi.