Katika Njia ya Kitale na Bungoma

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini na Kamukuywa katikati ya mashamba ya mahindi, na Mlima Elgon u mkono wake wa kuume. Njiani hakosi kusikia abiria akisema, "Mji ule una wauaji kwa sababu ya chama wanachokipigia kura." Neno hilo ni jepesi, walakini mlima unalikanusha.

Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa kuwapa mashamba huko Chepyuk watu waliotolewa Chepkitale, juu mlimani. Ugawaji ulirudiwa mara kadhaa, na kila mara wengine walipoteza shamba walilokwisha kulima. Mwaka 2006 kikazuka kikundi chenye silaha, SLDF, kilichodai kutetea ardhi ya Wasabaoti. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa bado. Hukadiriwa kwamba watu zaidi ya 600 waliuawa, na miongoni mwao Wasabaoti wengi. Machi 2008 Serikali ilipeleka wanajeshi, nao wakashutumiwa kwa kuwatesa raia. Kitale nayo ilipokea wakimbizi katika uwanja wa maonyesho.

Je, siasa haina hatia? Inayo. Wanasiasa walizikuta kuni zimekwisha kukauka, wakazitia moto ili wapate kura.

Basi, msomaji, ushukapo Bungoma usiulize wenyeji ni wa chama gani. Uliza kama kila mkulima ana hati ya shamba lake.