Peugeot ya Babu na Njia ya Nakuru

Gari la marehemu babu yetu, Peugeot 504 lile refu lenye safu tatu za viti, lilikuwa limesimama uani kwetu Kisauni, chini ya mwembe, kwa muda wa miaka 11. Kuku walitagia katika kiti chake cha nyuma. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja mara mbili, na mara ya pili alikuja na mizani. Bibi hakumfukuza wala hakumpa jibu. Alituita sisi wajukuu akatwambia: "Marehemu alikuwa akisema mafundi wa Pijo wako Nakuru. Nendeni mkawaulize kwanza. Wakisema halifai, nitajua kuwa si sisi tuliolitupa."

Shangazi yetu ameolewa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa hiyo safari ikawa na sababu mbili: kuunga udugu na kutafuta fundi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka hapo hadi Nakuru ni 160 zaidi. Tulilala Nairobi, na asubuhi tukashika njia ya chini, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Njia hiyo ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali kando yake.

Watoto walipoanza kuchoka, ami akawafunza mchezo: kuhesabu magari ya kale. Kanuni yake ni nyepesi. Tangu mwaka 1989 nambari za magari ya Kenya humalizikia kwa herufi. Basi gari lisilo na herufi ya mwisho ni la kabla ya hapo. Aliyeliona kwanza hupata alama moja. Ami akawaeleza pia kwamba sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na kwa hivyo magari makuukuu tunayoyaona njiani, takriban yote, yamezeekea humu humu, mikononi mwa watu wetu.

Chini ya mlima Longonot tulipata alama ya kwanza: Volkswagen ya mgongo wa mviringo, rangi ya maziwa, ikiendeshwa polepole na mama mtu mzima aliyevaa sweta. Karibu na Gilgil ikatupita Land Rover isiyo na milango, imejaa mikebe ya maziwa. Mbele ya Elmenteita palikuwa na lori la Bedford limeegeshwa, pua yake imefunguliwa, na miguu ya fundi ikionekana chini yake. Kisha zikaja Peugeot 504 za kubebea mizigo, moja ina kabichi, nyingine ina viazi, ya tatu ina ng'ombe mmoja aliyetutazama kwa utulivu mwingi. Watoto waligombania alama ya ng'ombe.

Si ajabu kuwa magari haya yanapendwa katika bonde hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katika matope ya masika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Mkulima aliyeona gari likishinda matope ya namna ile hakuhitaji tangazo jingine. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yaliwekwa Naivasha, na vumbi la Soysambu likawa uwanja wake.

Nakuru tulifika adhuhuri. Baada ya swala na wali wa shangazi, mume wake alitupeleka kwenye gereji za jua kali. Fundi tuliyeelekezwa kwake alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ujanani aliendesha Peugeot za abiria baina ya Nakuru na Nairobi, zama ambazo magari hayo ndiyo yaliyokuwa ya haraka kuliko yote njiani. Tulimwonyesha picha katika simu. Alizitazama moja moja, na alipofika kwenye picha ya chini ya milango alinyamaza.

"Injini hii nitaiamsha," alisema. "Lakini 504 haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Chumvi ya bahari imeshaula. Mkipakia watoto humu mkapata ajali, bodi itajikunja. Siwezi kuchukua pesa zenu kwa kazi hiyo."

Tulimshukuru, ingawa mioyo ilikuwa mizito. Alikuwa angeweza kutudanganya, na sisi tulikuwa tumekuja tayari kudanganywa. Kisha akaongeza kuwa huku hewa ni kavu, bodi hudumu, na kinachowasumbua wenye magari haya ni spea. Injini, giaboksi, vioo na milango ya mbele ya babu vingefufua magari matatu au manne ya wakulima wa Njoro na Subukia. Bei aliyoitaja ilizidi ya mwenye mizani.

Tulimpigia Bibi simu palepale. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Basi na lifanye kazi. Marehemu hakupenda kitu kikae bure. Ila mwulizeni mlango wa dereva utakwenda kwenye gari gani."

Vipande vilisafirishwa mwezi uliofuata. Kilichobaki, mwenye mizani alikichukua. Mwembe una nafasi sasa, na kuku wametafutiwa banda.

Msomaji utakayejaaliwa kupita njia hiyo na jamaa zako, wafunze watoto mchezo huu. Utawafanya watazame nje. Mkitaka kupiga picha gari la mtu, mwombeni kwanza ruhusa, nanyi huenda mkapewa na hadithi yake. Na mkiona baina ya Njoro na Nakuru Peugeot nyeupe ya kubebea mizigo, yenye mlango mmoja wa buluu upande wa dereva, mtupungie mkono. Mlango huo twaujua.