Ziwa Lilipopanda na Serikali Zilipoanguka

Mjukuu wangu, wewe umezaliwa hapa Kamina, mahali ambapo maji makubwa unayoyajua ni ya mvua ya Januari inayofurika mitaroni, kwa hiyo sishangai unaponicheka kila redio ikitaja Ziwa Tanganyika nami nikanyamazisha watu wote. Ni reli iliyonifungia ndoa na ziwa lile. Baba alikuwa fundi wa njia katika CFL, kampuni ya reli ya upande wa mashariki, na tangu njia ya Kamina na Kabalo ilipounganishwa mwaka 1956 mtu aliweza kupanda treni hapa, akapita Kabongo, akavuka Lualaba pale Kabalo, kisha akaufuata mto Lukuga hadi Albertville, mji tunaouita leo Kalemie. Baba alipohamishiwa huko tulimfuata, mama, mimi na wadogo zangu, tukiwa na magodoro yaliyofungwa kamba na kuku wawili ndani ya tenga.

Albertville ilinukia vitu vitatu: mawese, moshi wa gari na ndakala walioanikwa mchangani. Wavuvi waliingia alfajiri wakiwa na macho mekundu kwa kukesha na taa, na wake zao waliwapokea wakiimba au wakitukana, kulingana na kilichomo mtumbwini. Kopo la ndakala mama alilinunua kwa faranga tano siku ya wingi, na siku ya upepo bei ilipanda mara mbili. Fedha yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Tulikuwa tumetoka Kamina na sarafu za Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga na Kongo, zile zenye picha ya ndizi, lakini ng'ambo ya mstari wa vita watu walitaka faranga ya Kongo. Muuza samaki mmoja, mama mnene mwenye chale shavuni, aliigeuza sarafu yetu mara mbili, akamrudishia mama, akasema ndizi hizo tukazile kwetu.

Mvua za mwisho wa mwaka 1961 ndizo zilizoanza mambo. Hazikunyesha kwetu tu. Afrika Mashariki yote ililowa, na hata Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Ziwa letu halikuja na kishindo. Lilipanda kama deni la dukani, ambalo hulioni likikua mpaka siku mwenye duka anapokuita. Kwanza lilichukua mchanga wa kuanikia ndakala, wanawake wakahamishia mikeka yao juu ya nyasi. Kisha likafika kwenye vibanda vya wavuvi, halafu kwenye nyua za nyumba za chini, na misimu ya upepo wa kusini mawimbi yalipiga kuta usiku kucha hadi udongo wa tofali ukawa uji. Vyoo vilijaa, visima vikaharibika, na harufu ya ndakala ikazidiwa na harufu ya matope na kinyesi. Mwezi Mei 1964 maji yakafika kimo ambacho hakuna mzee aliyekuwa hai aliyewahi kukiona.

Utaniuliza serikali ilikuwa wapi. Swali zuri, ila ungeuliza kwanza serikali ipi. Katika miaka ile mitatu mji ule ulitamaniwa na Elisabethville ya Tshombe, ukadaiwa na Léopoldville ya serikali ya Kongo, ukalindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wa lugha tusizozijua, kisha ukawa makao ya jimbo la Katanga Kaskazini chini ya Jason Sendwe. Kila aliyekuja alikuwa na mhuri na bendera, na kila mmoja alikuta maji yamesogea kuliko yalivyokuwa kwa mwenzake. Mwezi Juni 1964, ziwa likiwa bado juu, waasi wa Soumialot waliingia mjini na Sendwe akauawa; mwezi uliofuata Tshombe akawa Waziri Mkuu wa Kongo nzima; Agosti mji ulitekwa tena, na ndege zilizowabeba mamluki ziliruka kutoka kambi hii hii ya Kamina. Ni nani, katika vurugu hizo, angekaa mezani na ramani aseme nyumba zijengwe hapa, zisijengwe pale? Waliofanya kazi ya kuulinda mji ni watu wadogo. Genge la baba liliinua kokoto chini ya reli mahali maji yalipoikaribia. Majirani walijaza mchanga katika magunia ya pamba, na wenye jamaa mlimani walihama bila kungoja tangazo.

Sasa sikiliza jambo ambalo baba alilijua kwa kuishi kando ya Lukuga, na ambalo wakubwa hulisahau. Ziwa lile lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 33,000, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta mlango huo umezibwa na matete na tope. Miaka michache baadaye maji yalivunja yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka mita nyingi. Ndiyo maana kila linapopanda watu hupiga kelele kwamba Lukuga ichimbwe. Lakini maji mengi ya ziwa huondoka kwa jua, si kwa mto. Mita moja tu juu ya eneo hilo ni kilomita za ujazo 33 za maji. Huwezi kuyamwaga kwa majuma machache hata ukileta mitambo ya dunia nzima.

Baadaye ziwa lilishuka, na watu wakashuka nalo. Palipokuwa maji pakawa viwanja, vikauzwa, vikapewa hati. Mwanzoni mwa karne hii lilipungua hata Kigoma wakalalamika kuhusu gati lao, na Tanzania ikazungumza na Kongo habari ya kujenga banio Lukuga ili maji yasikimbie. Miaka haikupita mingi mvua zikageuka; kuanzia 2020 likapanda tena, na mwaka 2024 likakaribia kabisa kimo cha 1964. Kalemie, Uvira, Gatumba na mitaa ya chini ya Bujumbura iliingia majini. Waliotaka kulizuia walitaka sasa lifunguliwe.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo zina mkataba wake uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake makao yake ni Bujumbura. Sheria zipo pia: Tanzania inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, Burundi mita 150. Lakini mita hizo zikipimwa kutoka ukingo wa mwaka wa ukame hazina faida. Zipimwe kutoka pale maji yalipofika Mei 1964, maana ziwa limekwisha kutuonyesha mpaka wake mara mbili ndani ya uhai wa mtu mmoja.

Wewe unasomea upimaji wa ardhi, na siku moja utatumwa Kalemie na faili mkononi. Usianze ofisini. Tafuta wazee wachache waliobaki, waombe wakuonyeshe maji yalipoishia, piga nguzo hapo, uandike kimo chake katika ramani ya mji. Na mtu akija na hati ya kiwanja kilicho chini ya nguzo hiyo, hata akiwa mkubwa, hata akiwa ndugu yetu, usimwekee sahihi.