Maji ya Uani

Maji humvuta mwanadamu hata pale asipoyataka kwa kunywa wala kwa kuoga. Mtu aliyechoka, aketipo karibu na maji yaliyotulia, macho yake hupumzika kabla ya mwili wake. Ndiyo sababu wenye nguvu wa zamani, walipojenga majumba, hawakuridhika na kuta na milango ya nakshi. Walitaka na maji ya kutazamwa. Kilwa Kisiwani, katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, liko birika la pembe nane juu ya mwamba uelekeao bahari. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu. Alitazamaye birika lile leo, likiwa kavu, husifu umbo lake. Lakini hana budi kujiuliza maji yake yalitekwa na mikono ya nani.

Swali hilo halikufa pamoja na masultani. Linamngoja kila mtu atakaye kuchimba kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba yake, apate mahali pa kupumzisha macho jioni. Kidimbwi cha mita 3 kwa 2, chenye kina cha sentimita 60, humeza lita 3,600. Hesabu hiyo ikisemwa kwa lugha ya mtaani ni madumu 180 ya lita 20. Iko mitaa mingi ya mjini ambamo bomba likikauka watu hununua maji kwa dumu, na mama wa nyumba hupima la kupikia, la kufulia na la kuwaogesha watoto. Mtu akifungulia bomba kujaza shimo la kutazamwa, na upande wa pili wa ua madumu yamepangwa foleni, hajafanya bustani, amefanya tusi.

Bahati njema, mbingu za pwani si bahili. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 50 huleta kiasi cha lita 5,000, toa kidogo inayopotea njiani. Mwenye subira huchimba wakati wa kiangazi, hutandika mfereji chini ya paa, kisha hungoja masika. Subira hiyo ina faida nyingine. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na samaki atiwaye humo mapema hufa. Maji ya kwanza na ya pili hayana budi kumwagwa, na kidimbwi kisuguliwe, kabla kiumbe hai hakijatiwa. Tena shimo lisichimbwe chini ya mwembe, ijapokuwa kivuli chake chapendeza. Majani yaangukayo huoza na kuyaharibu maji, na yungiyungi hataki kivuli, ataka jua. Mengine juu ya uchimbaji fundi yeyote mwenye pima-maji ayajua.

Lakini shida kubwa ya kidimbwi haimo katika kuchimba. Imo katika mbu. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu kule India, hapana aliyeweza tena kuyatazama maji yaliyosimama kwa macho ya usafi wa moyo. Serikali zote zilizotawala Afrika ya Mashariki tangu wakati ule zimewahimiza watu wafukie mashimo, na zilikuwa na haki. Yai la mbu huweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku kumi hivi, na penye joto hupungua. Wala habari hiyo haijazeeka. Mwaka 2012 mbu wa Asia aitwaye Anopheles stephensi, apendaye matangi na mapipa ya mjini, alionekana Jibuti. Mwaka 2023 watafiti wa Kenya walitangaza kuwa yumo Marsabit. Achimbaye kidimbwi mjini, basi, huchukua dhamana ambayo hakuitiwa sahihi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alilijua jambo hili kwa njia iliyo fupi kuliko vitabu. Kidimbwi chake kilikuwa kimejaa masika yake ya kwanza, naye alikuwa ameketi juu ya kigoda akikitazama kwa fahari, jirani yake alipopiga hodi uani, mtoto mgongoni. Mtoto yule alikuwa ndiyo kwanza anapona homa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Hakukaa. Aliyatazama maji, akayasifu kwa adabu, kisha akasema, “Maji haya ni yako, Mwalimu. Lakini mbu wake ni wa nani?”

Yamkini homa ile ilitoka kwingine kabisa. Mwalimu angaliweza kulisema hilo, na watu wengi wangalilisema. Badala yake aliingia ndani akatoka na kata nyeupe ya plastiki, akamkabidhi jirani yake, akampa ruhusa ya kuja kila Ijumaa kuchota na kutazama. Akamwonyesha namna ya kutazama pia: viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kielealacho, vya mbu wengine huning'inia vichwa chini.

Wiki ile ile alitia perege wachanga. Samaki hula viluwiluwi kwa pupa, na kidimbwi chenye samaki wenye afya ni mtego wa mbu kuliko kuwa kitalu chao. Hapa mtu ajihadhari na kuagiza samaki wa kigeni. Gambusia wa Marekani alitawanywa duniani kwa kazi hii, na mahali pengi akawadhulumu samaki wenyeji. Wenyeji wenyewe si wanyonge. Kisiwani Unguja yuko samaki mdogo mwenye mkia mwekundu, Nothobranchius guentheri, aishiye katika madimbwi ya mvua. Maji yakikauka yeye hufa, na mayai yake hulala topeni hata mvua irudi.

Perege wana vituko vyao. Dume huchimba chini hata huyachafua maji na kung'oa mimea, kwa hiyo yungiyungi hupandwa ndani ya chungu na kufunikwa kokoto. Jike huyachukua mayai kinywani, na muda wote huo huwa kama amefunga. Watoto wakiisha kutoka huogelea mbele ya uso wake. Kivuli cha mtu kikipita, hurudi kinywani mwake. Mwalimu alipata kukaa saa nzima akinyanyua mkono na kuushusha, ili awaone wakiingia na kutoka, hata mkewe akamwuliza kama ana mgeni.

Yungiyungi wa buluu wa pwani hufumbuka asubuhi na kujifunga baada ya adhuhuri. Ua moja hufanya hivyo siku tatu au nne, kisha bua lake huzama na mbegu hukomaa chini ya maji, pasipo mtu kuona. Kereng'ende hufika bila kualikwa, na watoto wao, wakaao majini, huwasaidia samaki kula mbu. Vyura nao hufika. Juu ya kelele za vyura, watu wa nyumba hawakupatana hata leo. Alfajiri, samaki wakionekana juu wanatweta, ni dalili kwamba mimea imetumia hewa ya maji usiku kucha, na kwamba kidimbwi kina mengi mno: majani, au chakula, au perege wenyewe. Dawa ya hao wa mwisho ni nazi na ndimu.

Jirani alishika ahadi yake. Ijumaa nyingi kata yake haikutoa kitu ila maji ya kijani. Masika ya pili alitoka kidimbwini bila neno, akaenda kwenye pipa lililohifadhi maji ya kujazia kiangazi, ambalo lilikuwa wazi, akachota: viluwiluwi tele, vichwa chini. Mji wa Dar es Salaam uliugua dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019, na mbu wa dengi hupenda mapipa kama lile. Mwalimu alilimwaga maji yote chini ya migomba siku ile ile, akalifunga kitambaa kwa kamba.

Jirani alingoja hata fundo likazwe. Kisha akauliza ni lini lango la ua litatiwa komeo, kwa kuwa mtoto ameanza kutembea.