Vidonge vya Keki

Keki ya matunda ina subira kuliko binadamu. Ile ya kawaida ukiisahau siku nne inakauka na ya tano unaitupia kuku, lakini hii ya zabibu na maganda ya machungwa, ikishanyweshwa brandi yake na kufungwa vizuri kwenye karatasi, inaweza kukungoja miezi. Nalijua hilo kwa sababu Desemba ya mwaka 2024 nyumbani kwetu Kyela tulikuwa nayo kilo sita, inangoja, na kilichokuwa kikingojwa hakipo tena.

Ilikuwa keki ya harusi ya dada yangu. Mama mkubwa wa Mbeya ndiye aliyeioka mwanzoni mwa Novemba, matabaka matatu, na kila Jumapili akitoka ibadani alikuwa anainywesha kijiko kimoja kimoja cha brandi huku akituonya tusije tukamwambia mchungaji. Ndoa ilikuwa Jumamosi tarehe 14. Keki ikaletwa Jumatatu ya tarehe 2, ikawekwa juu ya kabati ikisubiri kupambwa. Alhamisi usiku dada akasimama mlangoni mwa sebule, kitenge kiunoni, akasema, "Baba, mimi siolewi."

Mama alidhani utani. Baba akauliza sababu. Dada akajibu sababu anayo mwenyewe. Basi! Baba akanyanyuka, akazima redio, akaenda kulala, na tangu usiku ule hakumsemesha mwanawe hata kwa salamu. Chumvi ikiwa mbele ya dada mezani, Baba alikula bila chumvi.

Msomaji, kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi utaelewa mzigo tuliobaki nao. Kulikuwa na daftari lenye majina 63, kila jina na mchango wake. Wengine walikwisha toa elfu hamsini, bibi mmoja wa jirani alitoa debe la mchele. Watu hawa tukikutana nao njiani walituuliza habari za nyumbani kwa sauti ile ya msibani, kisha wakaangalia pembeni.

Dada akakopa kwenye saccos ya walimu akasema atawarudishia wote, tena atakwenda mwenyewe, mlango kwa mlango. Mama akamwambia atume simu, siku hizi pesa zinatumwa. Dada akakataa. "Na siendi na bahasha tupu kama karani wa mahakama," akasema. Akaitazama ile keki juu ya kabati. Kumbe shuleni kwake Mbeya kuna mwalimu mwenzake ambaye kila Krismasi huvuruga keki ya matunda, akaiviringa vidonge vidogo, akavichovya kwenye chokoleti na kuviuza. Dada alikwisha msaidia mara mbili. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni, sina kazi, nikapewa beseni.

Kuvuruga keki ya harusi kwa mikono ni jambo la ajabu kidogo. Ile ya chini, kubwa, tuliivunja kimya kimya kama watu wanaobomoa nyumba ya jirani. Kisha tukazoea. Makombo yakiwa makavu hayashikani, kwa hiyo kila kilo tuliongeza vijiko viwili vya jamu ya nanasi na kukanda polepole. Ukizidisha jamu, kidonge kinalegea na kutoa maji chini ya chokoleti. Ukiipunguza, kinamomonyoka kabla hujakichovya. Kipimo cha dada kilikuwa ngumi: kamata tonge, libane, fungua mkono. Likisimama, tosha. Kila kidonge ukubwa wa ndimu ndogo, gramu 25 hivi.

Chokoleti ndiyo iliyotutesa. Kwanza bei. Mimi nimezaliwa katikati ya kakao. Utotoni tulikuwa tunapasua tunda na kufyonza ule uteute mweupe mtamu, punje tunazitema kwenye ndoo ya Baba. Najua harufu ya kakao iliyovundikwa chini ya majani ya migomba siku tano, sita, harufu kali kama siki inayoingia mpaka kwenye mashuka. Najua kugeuza punje juani mpaka zilie kavu mkononi. Lakini chokoleti kwetu ilikuwa kitu cha dukani, cha kuonjeshwa na mgeni. Na mwaka ule wa 2024 bei ya kakao duniani ilikuwa imevuka dola 10,000 kwa tani kwa sababu mavuno ya Ghana na Kodivaa yalikuwa mabaya. Kyela watu walipaka nyumba rangi, wakanunua pikipiki. Baba naye ndiyo akatangaza harusi ya matabaka matatu. Dada alipokwenda kununua kilo mbili na nusu za chokoleti huko Mbeya akakuta bei ile ile imempanda yeye shingoni.

Pili joto. Kyela si Tukuyu. Huku chini Desemba hewa inakushika kama blanketi lililoloa, na chokoleti halisi huanza kulegea kabla hata haijafika joto la mwili. Jaribio la kwanza tulifanya mchana, tukavigandisha vidonge kwenye friji kwanza ili vituokoe. Looh! Vilipotoka vikiwa baridi mno, chokoleti ikavigandia upesi, kisha keki ndani ikapata joto ikatanuka, na ganda lote likapasuka kama visigino vya kiangazi. Halafu vikatoa jasho. Vidonge 30 vimeharibika, na umeme ukakatika kama nyongeza.

Tukahamia usiku. Saa nane, nyumba imelala, taa ya chemli mezani na jiko la mkaa likiwa na makaa machache tu. Bakuli juu ya sufuria, tako lake lisiguse maji, na maji yenyewe yasichemke, yatoe mvuke tu. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti imekwisha, inakunjamana kuwa kama udongo wa mfinyanzi. Dada aliyeyusha theluthi mbili, akaepua, akatia ile theluthi moja iliyobaki, imekatwakatwa, akawa anakoroga. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Bila hivyo ikikauka inaota mabaka meupe na hailii ukiing'ata. Kipimajoto hatukuwa nacho. Alichota kidogo kwa ncha ya kijiko akagusa chini ya mdomo wake. Ikiwa ya baridi kidogo kwenye ngozi, iko tayari.

Yeye akichovya kwa uma, mimi napanga kwenye sinia zilizowekwa juu ya mabeseni ya maji ya kisima. Tulifika kama kidonge cha mia na kitu, aliposema bila kuniangalia:

"Aliniuliza shamba la Baba lina miche mingapi."

Nikanyamaza.

"Nikadhani mazungumzo tu. Mara ya pili akaniuliza hati ina jina la nani. Halafu Jumatano nimekaa kwake, anaongea na rafiki yake nje, anacheka, anasema, 'Mimi bwana naoa kakao.'"

Uma wake haukusimama. Anachovya, anagonga ukingo wa bakuli mara mbili ili matone yadondoke, anaweka.

"Si umwambie Baba?" nikasema. "Amwambie kila mtu. Aibu iende kwa mwenyewe."

"Nani alimleta yule bwana hapa?"

Ni kweli. Baba ndiye. Ni mtoto wa rafiki yake wa ushirika, walikuwa wakipima kakao pamoja tangu mimi sijazaliwa. Baba mwenyewe alimtembeza shambani siku nzima, akimwonyesha mipaka, miti ya zamani na ile aliyopanda karibuni, anajisifu kama kijana.

"Akijua, hatalala mpaka kufa," dada akasema. "Acha anikasirikie mimi. Mimi nitavumilia. Na wewe usifungue mdomo, unasikia dogo?"

Nikasema nasikia. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilikuwa na miaka 21 na nilitaka kwenda kumpiga mtu, badala yake nikapewa sinia nyingine.

Tulipomaliza, pamoja na vile vilivyopasuka tulivyovichovya upya, vilitoka 258. Vinne kwa kila nyumba, kwenye mifuko midogo ya karatasi iliyofungwa kwa utepe uleule wa harusi, wa zambarau, maana ulikuwa umekwisha nunuliwa mita 20. Siku tatu dada alizunguka, bahasha mkono mmoja na mfuko mkono mwingine, mimi nyuma na kapu. Wengine walitupokea mlangoni wasitukaribishe ndani. Mama mmoja alihesabu pesa mbele yetu. Yule bibi wa debe la mchele alikataa kurudishiwa chochote, akang'ata kidonge kimoja kwa jino lake la pembeni, akafumba macho, akasema "Ndaga," kisha akauliza kama ndani mna dawa ya kulevya. Dada akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Mama mkubwa na brandi yake!

Vilibaki sita. Mama akaviweka kwenye sahani katikati ya meza, usiku wa tarehe 23. Tulikula ugali na samaki wa ziwani. Baba akanawa, akaitazama sahani kama mtu anayetazama barua asiyoijua imetoka wapi. Akachukua kimoja. Kililia vizuri alipokivunja kwa meno, nami nikamwona dada ameshusha pumzi. Baba akatafuna muda mrefu, kama anavyotafuna punje pale ghalani kabla ya kukubali kwamba imevundikwa ikaiva.

"Sukari nyingi," akasema. Hakumtazama mtu. "Kakao yenyewe iko wapi?"

Kimya. Niliona moto unanipanda kooni, nikainamia sahani yangu.

"Waliweka kidogo, Baba," dada akajibu. "Imekuwa ghali."

"Kwa nini hukuniambia? Ningekuletea punje."

"Za kwako chungu."

Akaguna. Akachukua kidonge cha pili, akakigeuza kwenye mwanga wa taa akikagua ganda lake, kisha akausukuma mkebe wa chumvi upande wa dada, ingawa tulikuwa tumekwisha kula.